Gari Limezima Ndani ya Maji ya Mafuriko: Namna ya Kuiokoa Injini Kabla Hujapiga Stata

Asubuhi moja ya masika jirani yangu alinipigia simu akiwa upande wa Kigogo, Dar es Salaam, ambako Mto Msimbazi ulikuwa umefurika hadi barabarani. Gari lake, Toyota IST, lilikuwa limezima baada ya kuingia kwenye maji yaliyofika usawa wa taa za mbele, na vijana walikuwa wamelisukuma hadi mahali pakavu. Aliniuliza jambo moja tu: "Kaka, nipige stata mara moja nione kama litawaka?" Nilimwambia, "Dada, chomoa ufunguo uutie kwenye mkoba, na asiuguse mtu mpaka nifike." Injini ile inatembea mpaka leo ikiwa na pistoni zake zilezile. Naandika hatua tulizofuata kwa sababu injini nyingi nilizozifungua baada ya mvua kubwa zilikufa pale mwenye gari alipojaribu kuiwasha, wakati maji peke yake yangeweza kutolewa zikapona.

Ni vizuri kwanza kuelewa kinachotokea. Pistoni inapopanda hubana hewa, na hewa hukubali kubanwa, lakini maji hayabanwi. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST nyingi ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,497 katika silinda 4, na uwiano wake wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Ukipiga hesabu, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni takriban mililita 40 kwa kila silinda, yaani maji yasiyojaza hata kikombe cha kahawa ya kijiweni. Yakizidi hapo, pistoni hukosa pa kwenda na nguvu yote huishia kwenye konrodi (fimbo ya chuma inayounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili mkuu wa injini unaozunguka), ambayo hupinda au kukatika. Injini ya dizeli ina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa nafasi hiyo ni finyu zaidi na konrodi hubanwa kwa nguvu kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Kata umeme

Chomoa waya hasi wa betri. Kama gari lina bima kubwa, piga picha za alama ya maji kwenye milango na kwenye boneti, kisha uitaarifu kampuni ya bima kabla hujafungua bolti yoyote.

Hatua ya 2: Lipeleke gereji bila kuliwasha

Gari la giaboksi otomatiki linaloendeshwa na magurudumu ya mbele libebwe na bredauni au linyanyuliwe mbele. Lisivutwe kwa kamba magurudumu hayo yakiwa chini. Gari la gia za kawaida linaweza kuvutwa likiwa friii, lakini asije mtu akakushauri "uliachie klachi kidogo", kwa sababu kufanya hivyo ni kupiga stata kwa magurudumu, tena kwa nguvu kuliko ile ya stata yenyewe.

Hatua ya 3: Kagua ea klina na oili

Fungua boksi la ea klina. Ikiwa karatasi yake ni kavu, vumbi la chini ya boksi ni kavu na bomba linaloelekea kwenye injini ni kavu ndani, basi huenda injini haikunywa maji, na kilichoizima ni koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) au soketi iliyolowa. Ikiwa karatasi imelowa, chukulia kwamba maji yamefika kwenye silinda mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au iliyopanda juu ya alama, ina maji. Lakini nakusihi usitulie kwa sababu umeona oili safi. Injini iliyozima papo hapo haikupata muda wa kuchanganya oili na maji. Maji, kwa kuwa ni mazito, hukaa chini kwenye sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), na kijiti hugusa oili iliyoelea juu yake. Njia ya uhakika ni kulegeza nati ya kumwagia oili taratibu na kutazama kinachotoka mwanzo. Kama ni maji, mwaga yote.

Vaa glavu katika kazi hii yote, kwa maana maji ya mafuriko ya mjini huchanganyika na ya vyoo.

Hatua ya 4: Toa plagi na uizungushe injini kwa mkono

Chomoa soketi za koili, toa koili, toa plagi zote 4 na uzipange kwa namba za silinda. Plagi iliyolowa maji hukuonyesha silinda ipi imekunywa. Kisha tia spana kwenye bolti ya puli ya krenki na uizungushe injini taratibu, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili. Mimi sikubali kabisa kuanza na stata hapa, hata plagi zikiwa nje. Mkono unahisi pale injini inapogoma, na unaacha. Stata haihisi kitu. Ikigoma mahali pamoja kila ukifika, usilazimishe, maana konrodi au pistoni imekwishaharibika na safari ya kuifungua injini imeanza.

Maji yatapanda na kutoka kupitia matundu ya plagi. Usiinamie matundu hayo.

Hatua ya 5: Kausha njia nzima ya hewa, kuanzia pua hadi vali

Hapa nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu hatua hii iliwahi kunigharimu injini ya shemeji yangu pamoja na siku nzima ya kutafuta sababu. Nilitoa plagi, nikaizungusha injini, nikapiga stata mpaka maji yakaacha kuruka, nikabadilisha oili, nikafunga ea klina mpya, nikawasha. Injini iliwaka vizuri na ikatulia kwa dakika kama mbili. Nilipokanyaga moto kidogo nisikilize mlio wake, ikapiga kishindo kimoja na kuzima. Silinda zilikuwa zimekauka kweli, lakini maji mengine yalikuwa yamelala kwenye tumbo la manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda. Injini ikiwa inanguruma polepole, mvuto wa hewa haukuwa na nguvu ya kuyanyanyua. Mvuto ulipoongezeka, yalinyanyuka yote kwa pamoja na kuingia silinda ya 3. Konrodi yake niliikuta imepinda.

Tangu siku ile nafuata utaratibu huu, na sirukii sehemu yoyote hata mwenye gari akiwa amesimama juu yangu na haraka zake. Ninatoa pua ya kuvutia hewa iliyo karibu na taa, boksi lote la ea klina, na lile boksi dogo la plastiki la kupunguza mlio ambalo kwenye magari mengi hufichwa nyuma ya bampa au ndani ya madigadi. Boksi hilo hukaa chini kuliko vitu vyote katika njia ya hewa, kwa hiyo hubeba maji mengi, na fundi asiyelijua huliacha limejaa. Kisha natoa bomba linalokwenda kwenye throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga moto), natoa throtoli yenyewe, na mwisho natoa manifoldi nzima. Wapo mafundi wanaosema inatosha kupuliza upepo wa kompresa kupitia throtoli. Sikubaliani nao, kwa sababu upepo huyatawanya maji ndani ya mikono ya manifoldi na huweza kuyasukuma hadi kwenye silinda ambayo vali yake iko wazi. Kuitoa manifoldi ya plastiki ya 1NZ-FE ni kazi ya bolti na nati chache, na gasketi yake ni bei ndogo ukilinganisha na konrodi. Ipindue, itikise, ifute, halafu iache ikauke ikiwa wima.

Manifoldi ikiwa nje, angalia mipira yote midogo inayoungana nayo: ule wa hydrovaki ya breki (kopo linaloongeza nguvu ya breki), ule wa kupumua wa injini unaotoka kwenye kava la vali, na ule unaotoka kwenye kopo la mvuke wa petroli. Kila mpira una sehemu iliyopinda chini, na sehemu hiyo hushika maji. Ipulize mmoja mmoja ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Usielekeze upepo wa kompresa kwenye sensa ya hewa, kwa maana nyaya zake ni nyembamba kama unywele. Tumia dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa, kisha iache ikauke yenyewe. Kuna wanaoianika juani juu ya boneti, nami siipendi njia hiyo, kwa sababu jua hukausha nje ya soketi na kuacha unyevu ndani.

Upande wa moshi nao usisahauliwe. Gari likisimama pua ikiwa imeelekea chini, maji yaliyobaki kwenye bomba la moshi huweza kurudi hadi kwenye vali za kutolea moshi zilizo wazi. Kwa hiyo liegeshe pua ikiwa imeinuka kidogo, na ulegeze maungio ya bomba la moshi chini ya gari ili yachuruzike.

Baada ya hayo yote ndipo ninapoitumia stata, plagi zikiwa bado nje, soketi za koili na za nozeli zikiwa zimechomolewa ili petroli isinyunyizwe na cheche isitokee. Rudisha waya wa betri, ukihakikisha soketi na boksi la fyuzi vimekauka. Piga sekunde tano, pumzisha, rudia, mpaka kitambaa cheupe kilichowekwa juu ya matundu kibaki kikavu. Kisha dondoshea oili safi, kijiko kimoja cha chai katika kila silinda, na uizungushe tena kwa mkono, maana kuta za silinda zilizolowa huanza kushika kutu ndani ya saa chache. Kama huwezi kumaliza kazi siku hiyohiyo, angalau fika hapa kabla hujalala.

Hatua ya 6: Pima kama kuna konrodi iliyopinda

Konrodi iliyopinda huwa fupi, na pistoni yake haifiki kilele sawa na wenzake. Mimi hutumia kijiti kirefu cha mishikaki kilichonyooka, kwa sababu chuma hukwaruza kichwa cha pistoni. Kitie kwenye tundu la plagi, mwenzako azungushe krenki kwa mkono polepole, na uweke alama pale kijiti kinapofika juu kabisa kabla ya kuanza kushuka. Rudia kwa silinda zote 4 ukikishika kijiti kwa mlalo uleule. Alama zikipishana kwa milimita 1, amini kijiti kwamba konrodi imepinda.

Geji ya kompresheni ni nzuri pia, na kwa injini hii tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Tahadhari yake ni kwamba silinda yenye oili au maji huonyesha namba kubwa kuliko uhalisia, kwa hiyo konrodi iliyopinda kidogo huweza kujificha. Ndiyo maana kijiti ninakitanguliza. Injini yenye konrodi iliyopinda huweza kuwaka na kutembea kwa wiki kadhaa ikitetemeka kidogo, halafu konrodi ikakatika ukiwa barabara kuu na kutoboa bloku. Ikigundulika mapema, ninapendelea kubadilisha konrodi na beringi zake kuliko kununua injini ya mtumba ambayo historia yake huijui. Bloku likishatoboka, hapo injini ya mtumba haiepukiki.

Hatua ya 7: Oili na kuwasha

Weka oili ya bei nafuu na chujio jipya, kiasi cha lita 3.7 kwa 1NZ-FE. Funga kila kitu, washa, na uiache injini ingurume dakika kumi bila kukanyaga moto. Mwaga oili hiyo ingali na joto. Ikitoka na rangi ya maziwa, rudia. Tulirudia mara mbili kwa gari la jirani yangu, na ya tatu ndiyo tuliyoiacha, ikiwa ni oili nzuri ya kudumu. Moshi mweupe wakati wa kuwasha mara ya kwanza ni mvuke wa maji yaliyobaki kwenye bomba la moshi, na unapaswa kwisha injini ikipata joto.

Hatua ya 8: Vilivyobaki

Kagua oili ya giaboksi. Iliyoingia maji hugeuka rangi ya pinki iliyofifia kama maziwa, na gari lisitembezwe kabla haijabadilishwa. Fungua altaneta na stata, kwa sababu tope hukaa kwenye brashi. Kama maji yalifunika mdomo wa tangi, toa petroli yote. Grisi ya beringi za magurudumu na breki ziangaliwe pia.

Jirani yangu nilimtaka arudi baada ya kilomita 300. Nilimwaga oili kidogo kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, nikaiacha usiku kucha mezani, na asubuhi hapakuwa na tone la maji chini yake.