Fedha za halmashauri kwa mafunzo ya afya ya uzazi na kinga ya magonjwa shuleni: kuanzia wazo hadi marejesho

Shughuli isiyo na mstari wake wa bajeti kwenye PlanRep, mfumo wa kielektroniki wa mipango na bajeti za halmashauri, haina fedha, hata kama mkurugenzi ameikubali kwa mdomo na madiwani wameipigia makofi. Hapo ndipo mipango mingi ya kuwafundisha vijana balehe kuhusu mimba za utotoni, VVU na magonjwa ya ngono inapokwama katika halmashauri za Tanzania Bara. Mwongozo huu ni wa mratibu wa UKIMWI, afisa elimu, mkuu wa shule au asasi inayotaka mafunzo hayo yalipwe kwa fedha za umma. Fedha za wafadhili zina tabia ya kukatika ghafla. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, waliokuwa na mstari wao wenyewe kwenye bajeti ya halmashauri walibaki na pa kushika.

Kalenda kwanza

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mapendekezo ya vijiji, mitaa na kata kupitia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo yanapaswa kuwa tayari kabla mwongozo wa bajeti na ukomo (kiwango cha juu cha fedha ambacho halmashauri inaruhusiwa kupanga) havijashuka, na kwa kawaida hushuka kati ya Novemba na Desemba. Januari na Februari ni vikao: wakuu wa idara, Kamati ya Kudhibiti UKIMWI, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha Baraza la Madiwani. Baada ya hapo bajeti inakwenda mkoani, TAMISEMI na Bungeni. Ukifika kwa Afisa Mipango mwezi Machi na andiko zuri, atakupokea kwa heshima zote na kukuambia urudi mwaka kesho.

Kwa hiyo anza Septemba. Pitisha hoja kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ipate muhtasari wenye sahihi na muhuri. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko andiko la kurasa 20, kwa sababu inampa diwani wako cha kushika barazani.

Fedha zinakaa wapi

Mapato ya ndani ndicho chanzo cha kwanza. Kwenye bajeti, kila idara ina Lengo A, la kuboresha huduma na kupunguza maambukizi ya VVU. Mara nyingi lengo hili hujazwa na huduma kwa watumishi wanaoishi na VVU na semina za mahali pa kazi. Hayo ni ya lazima, usiyaguse; omba mstari wa pili unaowataja wanafunzi. Sehemu ya afya ya uzazi inaweza pia kukaa Lengo C, la huduma za jamii, chini ya elimu sekondari. Chagua moja. Shughuli ileile ikionekana chini ya elimu na chini ya afya, mkaguzi ataiita kurudia malipo.

Chanzo cha pili ni Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, unaochangiwa na Mfuko wa Pamoja wa Afya. Watu wengi hukimbilia kwa Mganga Mkuu na kusahau kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo huenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Zahanati iliyo jirani na shule ina mpango wake, bajeti yake na kamati yake ya usimamizi. Mganga mfawidhi akiingiza huduma mkoba (huduma zinazotolewa nje ya kituo) nne kwa mwaka kwenye shule mbili, gharama ni nauli au mafuta ya pikipiki na posho ndogo, na hakuna haja ya kusubiri mtu wa makao makuu. Ni njia rahisi ambayo haitumiki ipasavyo.

Zahanati hiyohiyo huenda shuleni kwa ajili ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inawalenga wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Gari limeshafika, muuguzi yupo, wazazi wameshaarifiwa: ongeza kipindi cha dakika 40 siku hiyo.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule ni chanzo chembamba. Kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake, 12,500, ndiyo hufika shuleni. Shule ya wanafunzi 400 inapata milioni 5 kwa mwaka, yaani kama 416,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, umeme, ukarabati na mitihani. Itafaa kwa karatasi za bango na kalamu. Usiipangie posho.

Kuna pia Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI ulio chini ya TACAIDS, Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Huo ufuatilie kupitia mratibu wa UKIMWI wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iache: ni mikopo ya vikundi, na kila mwaka kuna mtu anapoteza miezi mitatu akiiombea semina.

Hoja yenye namba za hapohapo

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliwahi kupata ujauzito. Namba hiyo weka sentensi moja tu. Diwani atauliza, "Kwangu je?" Nenda zahanati ufungue rejesta ya wajawazito, Kitabu Namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), uhesabu walio chini ya miaka 20 kwa miezi 12 iliyopita. Hesabu tu, usinakili majina. Linganisha na rejesta ya wanafunzi walioacha shule. Jedwali la mistari mitano, kata kwa kata, linatosha.

Jina la shughuli nalo lina kazi yake. Tumia maneno yaliyomo kwenye mihtasari na nyaraka za Serikali: stadi za maisha, afya ya uzazi kwa vijana balehe, elimu ya VVU na UKIMWI, unasihi. Ukileta istilahi ya mfadhili iliyotafsiriwa kwa haraka, kikao kitatumia saa nzima kujadili maadili na dakika tano kujadili fedha. Vitabu na vipeperushi viwe vyenye kibali cha mamlaka za elimu. Shehena ya vipeperushi visivyo na kibali huishia stoo. Upimaji wa VVU usiuchanganye na mafunzo. Tangu sheria ya UKIMWI irekebishwe mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi, lakini mahali pa kupimia ni kituo cha afya, kwa hiari na kwa faragha. Foleni ya darasa zima chini ya mwembe haina faragha yoyote.

Kukokotoa mstari mmoja

Shughuli iandikwe hivi: "Kuendesha mafunzo ya siku 3 kwa walimu 40 wa shule 20 za sekondari kuhusu stadi za maisha, afya ya uzazi na kinga ya VVU ifikapo Septemba." Ina kitenzi, idadi, muda na mhusika. "Kuhamasisha vijana" haipimiki, na ukomo ukipunguzwa ndiyo hukatwa kwanza.

Walimu ni wawili kwa kila shule, wa kike na wa kiume. Akifundishwa mmoja akahamishwa, shule inarudi sifuri. Sasa tazama gharama kwa njia mbili. Viwango hapa ni vya mfano. Wewe weka vya waraka wa posho unaotumika.

Njia ya kwanza, wote waje makao makuu. Walimu 28 wanatoka mbali, usiku 3, kwa 100,000: milioni 8.4. Nauli 40 kwa 20,000: 800,000. Chakula cha walimu 12 wa karibu, siku 3, kwa 12,000: 432,000. Shajala: 200,000. Jumla 9,832,000.

Njia ya pili, vituo vinne vya kata, walimu kumi kila kimoja, wanaolala makwao. Nauli 40 kwa siku 3 kwa 5,000: 600,000. Chakula 40 kwa siku 3 kwa 12,000: 1,440,000. Wawezeshaji wawili na dereva, usiku 12 kila mmoja kwa 100,000: milioni 3.6. Dizeli lita 160 kwa 3,000: 480,000. Shajala: 200,000. Jumla 6,320,000.

Tofauti ni 3,512,000, na hiyo ndiyo fedha ya ufuatiliaji ambayo karibu kila bajeti huisahau. Mwalimu aliyerudi shuleni asitembelewe hufundisha vipindi viwili, kisha ratiba ya mitihani inammeza.

Angalia jambo moja kwenye hesabu hizo: anayelipwa posho ya kujikimu hajahesabiwa chakula. Kumlipa vyote viwili ni hoja ya ukaguzi inayojirudia kila mwaka. Na kila kipengele kiwe na kasma yake, yaani namba ya aina hiyo ya matumizi kwenye bajeti. Ukiweka fedha zote kwenye posho, siku ya safari huwezi kununua dizeli mpaka uhamisho wa fungu uidhinishwe, na hilo linaweza kula robo nzima.

Robo ipi?

Mapato ya ndani hayaji sawasawa. Halmashauri ya korosho huko Mtwara au Lindi inapata ushuru wa mazao kuanzia Oktoba hadi Desemba; ukipanga shughuli Julai utasubiri mpaka minada ianze. Penye pamba, msimu unaanzia Mei. Muulize Mweka Hazina mwezi upi makusanyo hupanda, kisha uweke shughuli mwezi unaofuata. Kwepa mtihani wa Darasa la Saba mwezi Septemba na wa Kidato cha Nne mwezi Novemba. Likizo ya Juni inavutia kwa kuwa walimu wapo huru, ila ni mwisho wa mwaka wa fedha: malipo yanasongamana, na kisicholipwa hadi Juni 30 unaweza kukipoteza.

Kuzitoa na kuzirejesha

Bajeti kupita si fedha kutoka. Andika dokezo wiki sita kabla, ukitaja kasma, salio na robo, na uambatishe orodha ya walimu na ratiba. Manunuzi yapitie NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma: mzabuni wa chakula asiyesajiliwa humo hatalipwa hata kama pilau lake lilisifiwa. Hakikisha pia atakayechukua masurufu (fedha taslimu za shughuli anazopaswa kuzitolea hesabu) hana ya zamani ambayo hajarejesha, maana mfumo utamkataa na safari nzima itasimama kwa ajili ya mtu mmoja.

Mahudhurio yasainiwe kila siku, asubuhi na mchana. Karatasi moja iliyosainiwa siku ya mwisho kwa siku zote tatu inajulikana kwa kuitazama tu, wino ni uleule na mwandiko ni wa haraka uleule. Stakabadhi ziwe za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Kitabu cha safari za gari kilingane na lita zilizonunuliwa. Katika ripoti usiishie kwenye idadi ya waliohudhuria: baada ya miezi mitatu kusanya kutoka kila shule idadi ya vipindi vilivyofundishwa na tarehe zake, na wanafunzi waliopewa rufaa kwenda kituo cha afya, kwa idadi bila majina. Ripoti hiyo impate Afisa Mipango kabla ya Novemba, ukomo wa mwaka unaofuata haujashuka.