SOMO: Jinsi ya kumbana waziri wa kaunti kwa swali asiloweza kulikwepa

Ukifuatilia vikao vya mabunge ya kaunti hapa Kenya utaona jambo moja likijirudia. Diwani anasimama, anasema kwa uchungu kwamba wadi yake haina dawa, haina maji, barabara hazipitiki. Wenzake wanagonga meza. Baada ya muda linaletwa jibu la ukurasa mmoja: "Idara inafahamu suala hilo na inalishughulikia." Basi. Waziri ametoka salama, na kwenye Hansadi, yaani rekodi rasmi ya yanayosemwa bungeni, imeandikwa kwamba swali lilijibiwa.

Mara nyingi kasoro imo ndani ya swali lenyewe. Swali pana hujibiwa kwa maneno mapana. Swali jembamba, lenye tarehe na hesabu, humlazimisha waziri kufungua faili. Somo hili ni la mkazi, kiongozi wa kikundi au msaidizi wa ofisi ya wadi anayetaka swali lifike bungeni likiwa na meno. Mfano wetu utakuwa zahanati ya kijijini isiyo na dawa.

Kwanza ujue kwamba kuuliza si fadhila. Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010 kinalipatia bunge la kaunti kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti. Kifungu cha 195 kinaliruhusu bunge au kamati yake kumwita mtu yeyote, kumhoji kwa kiapo na kudai nyaraka, kwa uwezo sawa na wa Mahakama Kuu. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 39, inasema kamati inaweza kumtaka waziri wa kaunti afike ajibu swali lolote linalohusu kazi yake.

Hatua ya 1: Hakikisha unamuuliza mwenye kazi

Hapa ndipo maswali mengi hufia. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, na mgawo wenyewe haufuati ua wala lango. Chekechea na shule ya msingi zinaweza kuwa katika kiwanja kimoja, watoto wakiingia kwa lango moja. Chekechea ni ya kaunti, shule ya msingi ni ya serikali kuu. Ukimuuliza waziri wa kaunti kuhusu walimu wa darasa la nne, atakujibu kwa heshima kwamba hilo ni la TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu, na muda wenu wa kikao umekwisha.

Barabara ndizo hatari zaidi. Kama iko chini ya KeNHA, KURA au KeRRA, mashirika ya barabara ya serikali kuu, kaunti itanawa mikono. Uliza kwanza kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya ujenzi barabara hiyo inasimamiwa na nani.

Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi, masoko, maegesho, taa za barabarani, taka, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji na usafi, huduma za kilimo: hizo ni za kaunti. Maji yana mkunjo wake, kwa sababu mara nyingi huendeshwa na kampuni ya maji. Swali liende kwa waziri wa maji, lakini liombe kabisa kwamba aje na meneja mkuu wa kampuni hiyo, la sivyo waziri atasema hana takwimu.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi kabla ya kumtafuta diwani

Kwa mfano wetu, anzia kwenye zahanati yenyewe. Zungumza na muuguzi msimamizi na wanakamati wa zahanati. Dawa zililetwa lini mara ya mwisho? Ziliagizwa zipi, zikaja zipi? Usimtake muuguzi akupe nyaraka kwa siri ukamharibia kazi. Tarehe tu zinatosha kuanzia.

Kisha kuna nyaraka za wazi. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanaonyesha idara ya afya ilitengewa kiasi gani cha dawa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutoka kila robo mwaka, hazitaitaja zahanati yenu, ila zinaonyesha kaunti ilipokea pesa ngapi, ikatumia ngapi na inadaiwa ngapi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchelewa, lakini ndiyo yenye maneno makali kuliko zote. Isome sehemu ya kaunti yako hata kama hesabu zinakuchosha.

Kitu kisipopatikana, kiombe kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikikaa kimya, unalalamika kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki za Utawala. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri utakufaa baadaye.

Hatua ya 3: Liandike swali

Linganisha haya mawili.

La kwanza: "Kwa nini zahanati yetu haina dawa wakati wananchi wanateseka?"

La pili: "Waziri wa Afya aeleze: (a) tarehe na thamani ya dawa zilizopelekwa katika zahanati hii tangu Julai 1 mwaka huu wa fedha, (b) dawa zilizoagizwa ambazo hazikuletwa, na sababu, (c) deni la kaunti kwa KEMSA (shirika la serikali kuu linalosambaza dawa) kufikia leo, (d) tarehe ambayo shehena inayofuata itafika, na jina la cheo cha afisa atakayewajibika isipofika. Aambatishe hati za kupokelea dawa."

La kwanza ni kilio cha haki kabisa, lakini linajibika kwa pole. La pili haliwezi kujibiwa kwa pole. Zingatia ombi la hati mwishoni: jibu la mdomo hupotea, hati inabaki.

Vipengele vinne vinatosha. Ukifika saba, waziri atajibu vile vitatu rahisi na hakuna atakayekumbuka vilivyobaki. Usichanganye idara. Dawa na barabara ya kwenda zahanati ni maswali mawili. Na usiweke tuhuma ya wizi ndani ya swali kama huna ushahidi, kwa sababu kikao kizima kitageuka kuwa mjadala wa heshima ya waziri, jambo ambalo yeye atalifurahia.

Hatua ya 4: Mkabidhi diwani

Mpe ukurasa mmoja wa swali na viambatisho nyuma. Kanuni za kudumu za bunge hutofautiana kutoka kaunti moja hadi nyingine: kwingine diwani huomba taarifa kupitia mwenyekiti wa kamati husika, kwingine huuliza swali moja kwa moja. Ofisi ya karani wa bunge itawaambia utaratibu na muda wa kuwasilisha. Angalieni pia kama bunge haliko likizoni.

Kuhusu wakati, nina maoni yangu. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mei na Juni waziri anaihitaji kamati ya afya ipitishe pesa zake. Swali lililoulizwa Mei hupata majibu ambayo lile la Agosti halitapata.

Hatua ya 5: Siku ya majibu

Diwani wako ajiandae kwa swali la nyongeza, maana la kwanza waziri ameandikiwa jibu na maafisa wake. La nyongeza atajibu mwenyewe. Majibu ya kukwepa yanajulikana.

"Pesa hazijatoka Nairobi." Mara nyingi ni kweli, mgao huchelewa. Basi diwani aulize: mgao wa mwisho uliofika ulikuwa wa mwezi gani, na ulipofika mlilipa nini kwanza? Hapo ndipo utasikia safari na warsha zililipwa kabla ya dawa. Au utasikia ni mishahara, na hilo nalo ni jibu.

"Mradi umekamilika kwa asilimia 80." Nani alipima? Cheti cha mhandisi kiko wapi, na mwanakandarasi amelipwa asilimia ngapi? Kazi ikiwa 80 na malipo 95, kamati ina kazi ya kufanya. Ziara ya kamati kwenye eneo la mradi humaliza ubishi haraka.

"Suala linashughulikiwa." Na nani, kwa pesa za fungu lipi, hadi tarehe gani?

Kuna pia ujanja wa kuleta bunda la karatasi asubuhi ile ile ya kikao, ili asipatikane aliyelisoma. Mwenyekiti mwenye msimamo huahirisha kikao na kumpa waziri tarehe nyingine. Na waziri akimtuma afisa mdogo asiyeweza kuamua lolote, kamati imrudishe. Afisa mkuu wa idara ndiye mwenye kuidhinisha matumizi, kwa hiyo huyo anakubalika kuja pamoja na waziri.

Hatua ya 6: Baada ya kikao

Chukua nakala ya Hansadi au ripoti ya kamati. Toa humo kila ahadi na tarehe yake, uzibandike ofisi ya wadi. Mabunge mengi yana kamati ya utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi za aina hii, lakini kamati hiyo husahau kama hakuna anayeikumbusha. Tarehe ikipita bila dawa, swali la pili linakuwa fupi: "Waziri aliahidi tarehe hii. Nini kilitokea?"

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, diwani wetu ni rafiki wa gavana na amekataa kata kata kuuliza. Tufanyeje?

Msikwame kwake. Kila sekta ina kamati, na wanakamati wanatoka wadi nyingine. Kuna pia madiwani wa kuteuliwa. Yeyote kati yao anaweza kuliuliza. Wakishindwa wote, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Ombi liandikwe kwa lugha ya heshima, liseme mlichojaribu kabla (ule muhuri wa hatua ya pili), liseme kama jambo liko mahakamani, kisha lieleze mnachotaka bunge lifanye.

Kwa ombi lazima nitaje jina? Naogopa, dada yangu anafanya kazi kaunti.

Ombi hutiwa sahihi kwa jina na nambari ya kitambulisho, hakuna njia ya kulizunguka hilo. Swali la diwani halikutaji. Kwa hali yako, pitia kwa diwani, au ombi lipelekwe na watu wengine wa kijiji.

Raia wa kawaida anaruhusiwa kuketi ndani akisikiliza?

Naam. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge na kamati zake wafanye kazi hadharani. Umma hauwezi kufungiwa nje ila pale spika anapoona kuna hali isiyo ya kawaida na sababu za kutosha. Beba kitambulisho, na usipige makofi, utatolewa.

Kwa nini tusimwite gavana mwenyewe tumalize maneno?

Kaka, kifungu cha 195 cha Katiba kinasema mtu yeyote, kwa hiyo gavana yumo. Ila kwa hati za kupokelea dawa, gavana atamgeukia waziri tu. Yeye mwekeeni maswali ya sera na vipaumbele. Sheria inamtaka alipatie bunge ripoti ya kila mwaka ya utekelezaji wa mipango ya kaunti na ahutubie kuhusu hali ya kaunti kila mwaka. Linganisheni ripoti hiyo na mnayoyaona wadini.

Waziri amedanganya, tuna picha. Hawezi kufukuzwa?

Njia ipo, kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Hoja iungwe mkono na angalau thuluthi moja ya madiwani, kamati teule ya watu watano ichunguze na kuripoti ndani ya siku kumi, kisha kura ya wengi. Ila kabla ya huko, ombeni kamati imrudishe, safari hii ale kiapo, mziweke picha zenu mezani. Hoja ya kumng'oa waziri hugeuka haraka kuwa vita vya mirengo, na dawa zinasahaulika.

Wahudumu wa afya ya jamii kwetu hawajalipwa miezi. Hilo ni la kaunti au la serikali kuu?

La wote wawili. Mpango ulioanza 2023 ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Waziri wa kaunti aulizwe kuhusu 2,500 za kaunti pekee: zimelipwa hadi mwezi gani, kwa wahudumu wangapi katika wadi yenu. Nusu ile nyingine mpelekeeni mbunge au seneta wenu, kwa swali lake mbali.