Namna ya Kuiandaa Ibada Inayolihuisha Kanisa

Kanisa linapopoa, viongozi wengi hukimbilia kutafuta kitu cha kuongeza: vyombo vipya vya muziki, mhubiri mgeni, mkesha, au muda mrefu zaidi wa kusifu. Hayo yote yana mahali pake, lakini mara nyingi kinachotakiwa ni kuwarudishia waumini sehemu zao katika ibada, ambazo taratibu zimehamia kwa wachache wanaosimama mbele. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya, wawe wanafuata liturujia iliyoandikwa au wanaongoza ibada isiyo na kitabu.

Kabla ya kubadilisha lolote, ichunguzeni ibada jinsi ilivyo. Waombeni watu wawili wenye busara wakae nyuma kwa Jumapili chache, kila mmoja na karatasi yenye safu tatu: nani anatenda, anatenda nini, na kwa dakika ngapi. Msishangae mkigundua kwamba matangazo yanachukua muda mrefu kuliko maombi, kwamba Biblia inasomwa mistari ile tu ambayo mhubiri anaihitaji, na kwamba mshiriki wa kawaida hufungua kinywa wakati wa kuimba peke yake, tena kwa sauti inayomezwa na vipaza sauti. Karatasi hizo zijadiliwe na baraza la wazee kwa upole, zisitumiwe kumwaibisha mtu.

Kipimo kizuri cha kulinganishia kipo tangu zamani. Mnamo mwaka 155 hivi, Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, akiwatetea Wakristo mbele ya Kaisari, alieleza wanachofanya wanapokutanika siku ya Jumapili. Maandiko ya mitume au ya manabii yalisomwa kadiri muda ulivyoruhusu; msimamizi akatoa mawaidha; wote wakasimama na kuomba pamoja; mkate na divai vikaletwa, msimamizi akashukuru, na watu wakaitikia Amina; mashemasi wakawapelekea wasiokuwapo sehemu yao; na wenye uwezo wakatoa walichotaka kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Jiulizeni ni lipi kati ya hayo limefifia kwenu, kisha mwanzie hapo.

Usomaji wa Neno ndio ulio rahisi kurekebisha, na matunda yake huonekana mapema. Katika kitabu cha Nehemia sura ya 8, Ezra alisoma tangu mapambazuko hata adhuhuri, Walawi wakiwafafanulia watu maana, na umati ukaitikia Amina, kisha ukalia. Kwa hiyo msomaji asiitwe ghafla kutoka kitini. Apewe somo lake mapema katika juma, alisome kwa sauti nyumbani mara kadhaa, atie alama mahali pa kupumua, na ajizoeze majina magumu ili asiyakwepe kwa kuyaparamia. Akifika mbele, asubiri watu watulie, ataje kitabu, sura na mstari, anyamaze kidogo, ndipo aanze. Masomo yawe zaidi ya moja, na mawili yakipishana kati ya kijana na mzee, kusanyiko husikiliza kwa makini zaidi.

Maombi ya kuwaombea wengine yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo kanisa hufanya kazi yake ya kikuhani kwa ajili ya ulimwengu, na hapo pia ndipo ibada nyingi hulegea. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaagiza dua zifanyike kwa ajili ya watu wote, wakiwamo wenye mamlaka. Hata hivyo makusanyiko mengi hujiombea yenyewe tu. Mteueni mtu wa kukusanya mahitaji hadi Jumamosi, na asitaje ugonjwa wa mtu hadharani bila idhini yake. Kila ombi liwe fupi, lifuatwe na kimya cha kweli, kisha wote waitikie kwa maneno mafupi kama vile “Bwana, utusikie.” Kile kimya kitawasumbua watu mwanzoni, na kiongozi atatamani kukijaza kwa maneno au kwa kinanda. Ajizuie.

Kuhusu nyimbo, historia ya uamsho ina fundisho lililo wazi. Martin Luther alipotaka watu walishike Neno, alitunga na kukusanya tenzi katika lugha yao. Kitabu kidogo cha mwaka 1524 kilikuwa na nyimbo nane tu, lakini ziliimbwa na wote. Karne nne baadaye, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, kuhusu liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, iliwataka waamini washiriki kikamilifu, kwa ufahamu na kwa vitendo. Kwaya basi ipo kwanza kwa ajili ya kuwaongoza watu waimbe, na uimbaji wake yenyewe hufuata baadaye. Anzeni wimbo kwa sauti ambayo mtu asiye mwimbaji anaimudu, nyamazisheni vyombo kwa ubeti mmoja ili kusanyiko lijisikie, na fundisheni wimbo mpya mmoja kwa wakati mmoja, mkiurudia Jumapili kadhaa kabla ya kuleta mwingine. Yapimeni maneno pia. Sehemu kubwa ya zaburi zote 150 za Biblia ni maombolezo, lakini yapo makanisa ambayo mfiwa hawezi kupata hata wimbo mmoja wa kulia nao mbele za Mungu.

Maungamo yasiachwe, wala yasifanywe kwa haraka. Yesu alifundisha kwamba anayeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aende kwanza akapatane naye. Jumuiya ya Wamoravia huko Herrnhut, Ujerumani, ilikuwa imegawanyika kwa magomvi. Mwaka 1727 walitia saini maagano ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti mwaka huohuo, wakiwa kwenye Meza ya Bwana, walipata uamsho ambao ulizaa zamu za maombi zilizodumu zaidi ya miaka 100. Upatanisho ulitangulia. Hivyo wazee wanaojua kwamba familia mbili hazisalimiani wasingoje mahubiri yafanye kazi ambayo ni yao: wazitembelee kabla ya siku ya Ushirika. Meza yenyewe, kwa kadiri ya utaratibu wa kanisa lenu, isibanwe mwishoni watu wakiwa wameanza kuangalia saa, na wagonjwa wafikishiwe.

Sadaka ni ibada, si mapumziko kati ya ibada. Nabii Amosi alisema Mungu anachukia kelele za nyimbo pale ambapo haki haitiririki, na onyo hilo linayahusu makanisa yenye kwaya nzuri kuliko mengine yote. Tengeni fungu la wahitaji, na mara kwa mara wafahamishwe washiriki limefanya nini, bila kutaja majina ya waliosaidiwa.

Jihadharini na kupima uhai wa ibada kwa machozi, makelele au urefu wake. Hisia ni karama ya Mungu, lakini kiongozi mwerevu anaweza kuzichochea kwa muziki na mwanga, na watu wakarudi nyumbani walivyokuja. Kipimo cha Paulo kwa Wakorintho kilikuwa kama mambo yote yanalijenga kanisa.

Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, mkianza na lile lisilo na ubishi mkubwa, na mlieleze kabla halijaanza. Matangazo, kwa mfano, yanaweza kufupishwa na kuwekwa mwanzoni bila kumkwaza mtu. Ugumu utakuja kwa yule ambaye nafasi yake imepunguzwa, hasa mwongoza sifa aliyezoea kushika kipaza sauti kwa saa nzima. Mchungaji azungumze naye faraghani mapema, amshukuru kwa aliyoyafanya, kisha amkabidhi kazi inayomhitaji kweli: kuwafundisha washiriki sauti nne, au kuwaandaa vijana watakaoongoza baada yake.