Somo: Kufuatilia matundu ya usalama kwenye maktaba za programu kwa Dependency-Track

Wakuu, salaam kutoka Mwanga, Kigoma mjini. Somo nililoahidi hili hapa, maswali yako chini.

Mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi hupokea mzigo wa mitumbwi mingi, anauanika, kisha anauchanganya kwenye magunia. Wiki mbili baadaye mteja wa Dar anapiga simu: "Dagaa wako wana mchanga." Kama hakuandika gunia lipi lilitoka kwa nani, atapekua stoo nzima. Programu zetu ni magunia ya namna hiyo. Mfumo wa mizani ninaowaandikia wanunuzi hao una maktaba 23 (msimbo ulioandikwa na watu wengine) kwenye package.json, faili linaloziorodhesha, lakini ukijumlisha na zile zilizokuja mgongoni mwa hizo 23, zinapita 600. Sijasoma hata moja mwanzo hadi mwisho.

Na tundu huweza kugunduliwa wakati kazi umeshakabidhi na malipo umeshakula. Desemba 2021 lilitangazwa tundu la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu. Namba yake kwenye orodha ya matundu ni CVE-2021-44228, alama ya ukali (CVSS) 10 kati ya 10. Lilikuwa limekaa humo tangu 2013. Aliyefunga mfumo wake 2017 na asiuguse tena alilala salama akaamka hatarini: msimbo ni uleule, habari ndizo zimebadilika. Ndiyo maana kukagua siku ya kubildi peke yake hakutoshi. Unahitaji kitu kinachokumbuka ulichokwishapeleka kwa mteja, kikiamka kila siku kulinganisha na habari mpya.

Dependency-Track ya OWASP (jumuiya ya usalama wa programu) inafanya hivyo, bure na kwa chanzo huria. Haisomi msimbo wako. Inapokea orodha ya vijenzi, ile wanayoiita SBOM, kwa muundo wa CycloneDX.

Hatua ya 1: Kuisimika

Uwe na Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya makontena) na mashine yenye RAM ya kutosha. Kwenye GB 4 iligoma kwangu. Sasa naitengea 8.

curl -LO https://dependencytrack.org/docker-compose.yml
docker compose up -d

Ukurasa unafunguka mlango (port) 8080, API iko 8081. Ingia kwa admin na admin, itakulazimisha kubadili nywila papo hapo.

Mitego miwili. Kwanza, fungua lile faili la docker-compose.yml uhakikishe hifadhidata ni PostgreSQL, si H2 ambayo ni ya majaribio tu. Mimi nilibaki na H2 kwa uvivu. Umeme ukakatika mara mbili mchana mmoja, nikaanza upya. Pili, API_BASE_URL iwe anwani ambayo kivinjari cha mwenzako kinaifikia. Ukiiacha localhost, wewe utaingia, yeye ataona ukurasa lakini kuingia atashindwa.

Hatua ya 2: Vyanzo vya habari

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. NVD (hifadhidata ya matundu ya serikali ya Marekani) huwa imewashwa tayari, lakini hiyo hutambua bidhaa kwa CPE, mtindo wake wa kutaja majina ya bidhaa, wakati vifurushi vya npm (JavaScript) au Composer (PHP) hutambulika kwa purl, anwani yenye aina, jina na toleo la kifurushi. Ukiishia hapo utapata ukurasa mweupe, ushangilie kwamba mfumo wako ni safi. Nenda kwenye usimamizi, sehemu ya vyanzo, uwashe GitHub Advisories (inataka tokeni ya GitHub) au OSV (hifadhidata huria ya matundu) ukichagua lugha unazotumia. Kisha subiri. Upakuaji wa kwanza ni mzito. Mimi niliuacha ukifanya kazi usiku, bando la mchana nikalihifadhi.

Hatua ya 3: Ufunguo wa paipulaini

Paipulaini, yaani mfululizo wa kazi za kiotomatiki za CI (kubildi na kujaribu msimbo kila unapotumwa), itahitaji ufunguo wa API. Tengeneza timu mpya ndani ya Dependency-Track, usitumie ufunguo wa admin. Ipe ruhusa mbili tu: BOM_UPLOAD na PROJECT_CREATION_UPLOAD. Ufunguo uuweke kwenye vigeu vya siri vya CI, kamwe usiuandike ndani ya faili.

Hatua ya 4: Kuiunganisha na CI

Natumia GitLab na Node:

sbom:
  image: node:20
  script:
    - npm ci
    - npx @cyclonedx/cyclonedx-npm --output-file bom.json
    - >
      curl --fail -X POST "$DT_URL/api/v1/bom"
      -H "X-Api-Key: $DT_KEY"
      -F "autoCreate=true"
      -F "projectName=mizani"
      -F "projectVersion=$CI_COMMIT_TAG"
      -F "bom=@bom.json"
  only:
    - tags

Itazame ile --fail. Kwa wiki mbili paipulaini yangu ilikuwa ya kijani kibichi, huku seva ikikataa kila mzigo kwa sababu niliisahau ruhusa ya kuunda mradi. Bila --fail, curl ikijibiwa "hapana" inaona kazi imekwisha vizuri, inaondoka zake. Niligundua siku nilipotaka kumwonyesha bosi na orodha ya miradi ikawa tupu mbele yake.

Nimefunga kazi hii kwenye tagi (alama ya toleo ninalotoa) kwa makusudi. Ukituma kila komiti (kila badiliko la msimbo) utajaza miradi isiyo na maana. Ninachotaka kujua ni toleo lililo kwa mteja.

Hatua ya 5: Kukagua

Sasa namba zitakutisha. Alama ya hatari hupatikana hivi: kila tundu la juu kabisa mara 10, kubwa mara 5, la kati mara 3, dogo mara 1, na lisilopangiwa daraja mara 5. Mradi wangu ulianza na 214. Usikimbie.

Fungua kila tundu kwenye kichupo cha ukaguzi uliandikie uamuzi. Nusu ya yangu yalikuwa kwenye zana za kubildi ambazo hazifiki kwenye seva. Nikayawekea "Not Affected" na sentensi moja ya sababu. Andika hiyo sababu hata kama uko peke yako kwenye mradi, maana miezi mitatu ijayo utakuwa umeisahau. Yaliyobaki nikayapanga kwa kuangalia pia EPSS, makadirio ya uwezekano wa tundu kushambuliwa ndani ya siku 30. Tundu la CVSS 7.5 ambalo washambuliaji wanalikimbilia linanikosesha usingizi kuliko la 9.8 ambalo hakuna anayelihangaikia.

Mwisho, washa taarifa za tundu jipya ziende kwenye barua pepe ya timu. Usipofanya hivyo, umenunua mbwa ukamfunga mdomo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kasulu: Mkuu, si kuna npm audit tayari? Kwa nini nijitese na seva?

Jibu: npm audit naitumia pia. Ila inajibu ukiiuliza, kwa mradi uliosimama ndani yake siku hiyo. Ukiwa na wateja wanane kwenye matoleo matano tofauti, swali lako ni "maktaba hii iko kwa nani?" Hapo unaandika jina lake kwenye utafutaji unaona miradi yote. Mradi mmoja tu? Baki na npm audit, hakuna dhambi.

Kutoka Tabora mjini: Sisi tunatumia Laravel (PHP). Inakubali?

Jibu: Inakubali. Weka kiongezi cyclonedx/cyclonedx-php-composer, kisha composer CycloneDX:make-sbom. Kwa picha za Docker tumia Syft, itakuorodheshea na vifurushi vya mfumo endeshi.

Kutoka Ujiji: Kaka, nataka paipulaini igome kabisa kukiwa na tundu la juu.

Jibu: Subiri kwanza umalize kukagua deni la zamani, la sivyo wenzako wataifuta hiyo kazi ndani ya wiki. Ukiwa tayari, kumbuka kwamba seva hupokea mzigo na kukujibu kabla haijauchambua. Inakupa tokeni, uliza /api/v1/event/token/ ukifuatisha hiyo tokeni mpaka processing iwe false, ndipo usome matokeo. Ufunguo wa kusomea utahitaji VIEW_PORTFOLIO, na VIEW_VULNERABILITY kama unasoma orodha ya matundu yenyewe.

Kutoka Urambo: Tundu liko kwenye maktaba ambayo sikuiweka mimi. Narekebishaje?

Jibu: Dada, anza na npm ls na jina la maktaba, uone imekuja na nani. Mara nyingi kumpandisha toleo huyo aliyeileta kunatosha. Akiwa ameususa mradi wake, tumia overrides kwenye package.json kulazimisha toleo lililozibwa, kisha endesha majaribio yote. Mimi nililazimisha moja mwezi uliopita, risiti zikaacha kutoka kwenye printa siku nzima ya soko.