Kuchunguza vihatarishi vya kifo kwa wagonjwa wa kiharusi kwa kutumia mafaili ya hospitali

Daktari au mwanafunzi wa uzamili wa Dodoma anayetaka kujua ni wagonjwa gani wa kiharusi walio katika hatari kubwa zaidi ya kufariki aanze kwa kuandika sentensi moja inayotaja tukio atakalolihesabu, kwa mfano kifo cha sababu yoyote ndani ya siku 30 tangu kulazwa, na asiibadilishe akishafungua mafaili. Vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuongeza hatari hiyo, navyo vifafanuliwe mapema. Shinikizo la damu ndilo linalowaponza wengi hapa: kiharusi chenyewe hulipandisha katika saa za mwanzo, hivyo anayetegemea kipimo cha mapokezi peke yake, hata akishika kiwango cha 140 kwa 90, atawahesabu kuwa wagonjwa wa shinikizo la damu wa muda mrefu watu ambao hawakuwa hivyo. Atafute pia historia ya dawa za shinikizo.

Andiko la utafiti lipitishwe na kamati ya maadili na uongozi wa hospitali kabla faili lolote halijaguswa. Jedwali la takwimu libebe namba za utafiti badala ya majina, kama inavyotakiwa kwa mtu anayeheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kazi yenyewe iko katika kuwapata wagonjwa wote. Usianzie kwenye rafu za masjala, kwani humo utakuta mafaili yaliyosalia tu. Anzia kwenye rejista ya wodi ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, orodhesha kila aliyelazwa kwa kiharusi katika kipindi ulichochagua, ndipo utafute faili la kila mmoja. Faili la marehemu huweza kuwa limechukuliwa kwa ajili ya kikao cha mapitio ya vifo na halikurudishwa, na mtafiti anayeliruka bila kulihesabu anapunguza vifo bila kujua.

Aliyeruhusiwa siku ya sita akarudi Kongwa au Mpwapwa naye hajulikani hali yake siku ya 30 mpaka ndugu zake wapigiwe simu, jambo ambalo lazima liwe limeombewa kibali. Msimu wa kilimo piga jioni, maana mchana watu wako shambani. Hakikisha kwanza unaongea na nani, kisha anza kwa upole: “Shikamoo mama. Napiga kutoka hospitali alikolazwa mzee. Naomba kujua habari zake tangu aliporuhusiwa.” Akikuambia msiba ulishatokea, toa pole na usikilize, tarehe itapatikana baadaye katika mazungumzo hayohayo.

Kwenye uchambuzi, hesabu vifo kabla ya kuchagua vihatarishi. Kanuni ya kawaida, ingawa si amri, ni vifo kama 10 kwa kila kihatarishi, kwa hiyo vifo 40 vinabeba vihatarishi vinne, na umri usikose miongoni mwavyo.

Kuchelewa kufika hospitali kunahitaji uangalifu wa pekee. Mgonjwa aliyeletwa siku ya tatu kutoka kijiji cha mbali tayari amezivuka siku mbili za hatari, ilhali waliofia nyumbani au njiani hawamo kabisa katika rejista, hivyo kuchelewa kunaweza kuonekana kama kinga. Andika saa dalili zilipoanza kando na saa ya kulazwa, na waliofika siku ya kwanza wachambuliwe peke yao pia.