Kabla ya kununua chokaa, mwagia udongo siki

Masika yakikaribia, wakulima wengi wa mboga hapa Mombasa huuliza wanunue magunia mangapi ya chokaa ya kupunguza uchachu wa udongo. Kwa aliye Bamburi au Nyali, juu ya mwamba wa matumbawe, huenda lisihitajike hata moja. Mwamba huo ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile unachouziwa agroveti. Ukizidisha chokaa, mizizi hushindwa kupata madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Chota kijiko cha udongo mkavu, mwagia siki. Ukitoa povu na kuchachatika, chokaa imo tayari. Ukinyamaza, usikimbilie dukani: peleka udongo ukapimwe pH, yaani kipimo cha uchachu, kwanza, kwani kukosa povu si dalili ya uchachu.

Povu hilo ni kaboni dioksidi. Siki ni asidi, na asidi ikikutana na chumvi ya kaboneti huzaa vitu vitatu: chumvi mpya, maji na gesi hiyo. Kalsiamu huiachia kaboneti na kushikana na sehemu ya asidi iliyobaki. Ukilijua hilo, utatabiri pia kitakachotokea ukisafisha mabomba ya dripu (ya kumwagilia kwa matone) yaliyoziba kwa ukoko mweupe wa maji ya kisima, ambao nao ni kalsiamu kaboneti (CaCO3). Kwa asidi haidrokloriki (HCl):

CaCO3 + HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Hesabu haijakaa. Kulia kuna klorini mbili na haidrojeni mbili, kushoto moja moja. Zile namba ndogo usiziguse, maana utakuwa umeandika kitu kingine kabisa. Weka 2 mbele ya HCl, pande zote zilingane:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Kwa uzani, gramu 100 za ukoko zinataka gramu 73 za HCl halisi. Kalsiamu kloridi huyeyuka na kutoka na maji. Asidi salfuriki, ile ya betri, huzaa CaSO4, yaani jasi, ambayo huyeyuka kidogo sana na inaweza kubaki palepale kwenye vitundu. Kwa ukoko mzito mimi siishauri.

Vaa glavu na miwani. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Na kama uliua mwani kwa dawa ya klorini, suuza mabomba kwa maji mengi kabla ya kutia asidi, kwani viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huua.