Jinsi ya Kupima Athari za Kafyu ya Korona kwa Majeruhi wa Barabarani Mombasa

Ukiuliza kama vikwazo vya korona vilipunguza ajali za barabarani, jibu huja haraka: barabara zilikuwa tupu, basi ajali zilipungua. Jibu hilo linaweza kuwa kweli kwa Aprili 2020 na likawa si kweli kwa kipindi kizima. Kote nchini Kenya, waliofariki katika ajali za barabarani walikuwa karibu 3,600 mwaka 2019, wakapita 3,900 mwaka 2020, na mwaka 2021 wakazidi 4,500, ilhali kafyu ilikuwapo kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo miwili ya mwisho. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa afya ya jamii, afisa wa rekodi au mwanahabari anayetaka kulichunguza jambo hili kwa Mombasa yenyewe, akiwa na rejista, kalenda na subira.

Anza na kalenda kabla hujagusa rejista yoyote. Neno “vikwazo” linaficha mambo mengi yaliyoanza na kuisha kwa tarehe tofauti, na kila moja liligusa barabara kwa njia yake. Kafyu ya nchi nzima ilianza Ijumaa ya 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili, safari za kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi zilisimamishwa. Tarehe 6 Mei, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa kivyake. Mwezi Juni, kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku, na Kwale na Kilifi zikafunguliwa. Mombasa ilisubiri hadi tarehe 7 Julai. Mwishoni mwa Septemba, kafyu ilisogea hadi saa tano usiku na baa zilizokuwa zimefungwa tangu Machi zikaruhusiwa kuuza tena, kisha mapema Novemba saa ikarudishwa hadi saa nne. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Ziandike tarehe hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa sababu mtafiti anayegawa mambo kuwa “kabla ya korona” na “wakati wa korona” pekee huchanganya Aprili 2020, ambapo mji ulinyamaza, na Desemba ya mwaka huo huo, ambapo magari yalikuwa yamerudi.

Katika kalenda hiyo ongeza sheria za vyombo vya usafiri. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba wasiozidi 8, na bodaboda abiria mmoja. Amri ya aina hii huzaa dhana unayoweza kuijaribu: nauli ikipanda kwa sababu viti vimepungua, je, watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe walihamia kwenye pikipiki na tuktuk, au walitembea kwa miguu kando ya barabara isiyo na njia ya wapita kwa miguu? Ikiwa walihamia, utaliona jambo hilo katika mgawanyo wa majeruhi hata kama jumla yao haikubadilika. Malori ya bandarini nayo hayakusimama, kwa kuwa mizigo iliruhusiwa kupita hata wakati wa kafyu; kwa hiyo barabara ya kutoka Changamwe kuelekea Miritini na Mariakani ina hadithi tofauti na ile ya Nyali.

Sasa ndipo uiendee rejista ya kitengo cha dharura. Utahitaji barua ya kamati ya maadili ya hospitali na kibali cha utafiti cha NACOSTI, yaani tume ya kitaifa ya sayansi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka usichukue taarifa binafsi usizozihitaji, kwa hiyo usinakili majina wala namba za simu. Nakili tarehe, saa ya ajali, saa ya kufika, mahali, chombo alichokuwa akitumia majeruhi, kilichomgonga, umri, jinsia na jinsi alivyoondoka hospitalini. Kuwa mwangalifu na safu ya chanzo cha jeraha. Jioni ya 27 Machi 2020, kabla kafyu haijaanza, polisi waliwatupia gesi ya kutoa machozi na kuwapiga abiria waliokuwa wamesongamana kwenye kivuko cha Likoni. Aliyeumia katika kadhia kama hiyo ameumia kwa sababu ya kafyu na ameumia akiwa safarini, lakini si majeruhi wa ajali ya barabarani, na rejista iliyoandika “kivukoni” tu itakudanganya.

Saa ndiyo safu inayohitaji jasho zaidi, na hapa ndipo nimeona kazi nyingi zikiharibika. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, ilhali kompyuta na fomu huhesabu kuanzia usiku wa manane. Karani aliyeambiwa “ajali ilitokea saa moja” anaweza kuandika 1:00, na anayeingiza data baadaye akaisoma kuwa saa saba usiku. Kwa utafiti mwingine kosa hilo ni dogo. Kwa utafiti wa kafyu ni maangamizi, kwa kuwa mtu aliyegongwa saa moja jioni akikimbilia nyumbani hugeuka kuwa mtu aliyekuwa barabarani usiku wa manane kinyume cha amri. Fanya jaribio hili: chora hesabu ya majeruhi kwa kila saa kwa miezi ya kabla ya Machi 2020. Ukiona kilima kikubwa kati ya 1:00 na 3:00 usiku, na bonde kati ya 19:00 na 21:00, wakati ambapo mji wote uko njiani, basi una saa za Kiswahili zilizovalishwa nguo za Kizungu, na tofauti yake ni saa sita kamili. Geuza zote ziwe za mfumo wa saa 24, na zile usizoweza kuzitambua ziweke katika fungu lake badala ya kuzikisia. Saa 12 ndiyo mbaya kuliko zote, kwani inaweza kuwa alfajiri, adhuhuri, magharibi au usiku wa manane.

Linganisha pia saa ya ajali na saa ya kufika. Wakati wa kafyu, aliyevunjika mguu saa nne usiku huenda alikosa gari hadi saa kumi na moja alfajiri. Kilima cha majeruhi wanaofika alfajiri, ambacho hakikuwapo mwaka 2019, kinaweza kuwa dalili ya kuchelewa kufika hospitalini na si dalili ya ajali za asubuhi. Baada ya hapo, gawa siku katika mafungu yanayofuata kafyu yenyewe: muda wa saa mbili kabla ya kafyu kuanza, kipindi cha kafyu, na saa zilizobaki. Fungu la kwanza ndilo la kutazamwa kwa makini. Amri inayowataka watu wote wawe nyumbani kwa wakati mmoja huzisukuma safari kwenye saa zile zile za jioni, na kwa kuwa saa ya kafyu ilibadilishwa mara kadhaa, unaweza kuona kama kilima cha jioni kilihama pamoja nayo, kutoka kabla ya saa moja hadi kabla ya saa tatu, kisha mbele zaidi. Kikihama, una ushahidi wenye nguvu kuliko jumla yoyote ya mwezi.

Ukishapata hesabu, usiitangaze kabla ya kuigawanya kwa kiasi cha safari. Uingereza ya 2020 inafundisha vizuri: vifo vya barabarani vilishuka kutoka 1,752 hadi 1,460, yaani karibu asilimia 17, lakini maili zilizosafiriwa na magari zilishuka kwa karibu asilimia 21. Gawanya asilimia 83 ya vifo iliyobaki kwa asilimia 79 ya maili iliyobaki upate 1.05: kwa kila maili iliyosafiriwa, hatari iliongezeka kwa karibu asilimia 5. Marekani ilikuwa mbaya zaidi, kwani maili zilipungua kwa takriban asilimia 11 huku vifo vikipanda kutoka karibu 36,000 hadi karibu 39,000, na hivyo hatari kwa kila maili ikaongezeka kwa takriban sehemu moja ya tano. Barabara tupu humruhusu dereva kukimbia.

Kwa Mombasa, hesabu ya maili haipatikani, lakini kuna vibadala. Magari yanayovuka Likoni hulipa, kwa hiyo yana risiti. Wanaovuka kwa miguu hawalipi, na hesabu yao ni ya kukadiria. Tumia ya magari. Kumbuka kwamba tangu Januari 2021 wapita kwa miguu walipata daraja la kuelea la Liwatoni, na sehemu ya msongamano wao ikahama kutoka kivukoni. Taarifa ya Uchumi inayotolewa kila mwaka na Shirika la Kitaifa la Takwimu ina matumizi ya mafuta ya usafiri wa barabarani kwa nchi nzima. Google nayo ilitoa ripoti za mwendo wa watu, lakini kipimo chake cha kulinganisha kilikuwa kati ya 3 Januari na 6 Februari 2020, wakati ambapo wageni wengi wa Desemba walikuwa wameshaondoka pwani. Usiichukue kuwa hali ya kawaida ya mwaka mzima.

Jambo moja hukosewa na watafiti wanaotoka bara. Kulinganisha Mei na Mei si haki mjini hapa. Ramadhani ya 2020 ilianza takriban 25 Aprili na kuisha 23 Mei, ilhali ya 2019 ilianza karibu 7 Mei na kuisha mapema Juni. Mwezi wa mfungo hubadilisha saa za barabara: kabla ya magharibi kila mtu anakimbilia futari, na baada ya tarawehe Mji wa Kale, Majengo na Mwembe Tayari huchangamka hadi usiku mwingi. Mwaka 2020 misikiti ilikuwa imefungwa na kafyu ilianza kama dakika 45 tu baada ya kufuturu. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, na siku za Idi na siku za Idi.

Mlango wa hospitali wenyewe haukubaki vile vile. Watu waliogopa kuambukizwa, na wenye majeraha madogo huenda walijitibu nyumbani au kwa duka la dawa. Kwa hiyo tazama majeruhi wa kulazwa na waliovunjika mifupa kando na wale wa kushonwa. Mnamo Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma katika hospitali za umma, na mgomo ukaendelea hadi mwaka uliofuata. Miezi hiyo iwekee alama katika jedwali, usiisome kama miezi ya usalama. Rekodi za polisi zisaidie kujaza pengo, ingawa nazo hazikamiliki: kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965, na Shirika la Afya Duniani likakadiria 13,463.

Hesabu ndogo zina kiburi chake. Ukipata majeruhi 16 kwa mwezi katika kata moja, kipeuo cha pili cha 16 ni 4, na idadi inaweza kucheza kwa mara mbili ya hicho kila upande, yaani kati ya 8 na 24, kwa bahati tu. Unganisha miezi au kata kabla ya kusema lolote, na uwe na angalau miaka miwili ya kabla ya Machi 2020 ili uone mkondo ulikuwa ukielekea wapi hata bila korona.

Unapoandika matokeo, weka kwa pamoja jumla, kiwango kwa safari, na mgawanyo wa saa na chombo. Sentensi inayofaa inasema, kwa mfano, kwamba majeruhi waliofika kitengo fulani kati ya Aprili na Juni 2020 walipungua kwa kiasi hiki, wa bodaboda walipungua kidogo kuliko wa matatu, na saa mbili za kabla ya kafyu zilibeba sehemu kubwa kuliko mwaka uliotangulia. Miezi ya mgomo iache wazi ndani ya jedwali, na sababu yake iandikwe chini.